Nikate Wapi?

Pipa hili lilikuja nyumbani likibiringishwa,
baba nyuma yake, viganja vimejaa kutu,
mwaka ule kiwanda cha mkonge kilipofunga milango
na mafao yakawa njoo wiki ijayo.
Wenzake walipata barua. Yeye akapata pipa.

Alilitoa mfuniko kwa tindo na nyundo.
Mama akalisugua kwa mchanga na majivu siku tatu,
akalisimamisha uani, likawa la maji.
Miaka kumi na tisa, hapo Barabara ya Kumi na Nne,
siku bomba likikohoa upepo, sisi tulioga.

Leo liko kwa fundi Semkiwa, limelazwa ubavu.
Kitako kinavuja. Maji halishiki tena.
Basi, nimesema, lishike moto.

Amelichoma kwanza kwa makumbi, ndani na nje,
rangi ikachubuka, ikatoka moshi mchungu
uliomkimbiza paka wa jirani mpaka leo.
Mfuniko wa baba ameurudisha, ameuchomelea
kingo zake bado mbovu, kama alivyoziacha.
Kisha kashika chaki:
"Nikate wapi? Mimi hufuata mshono,
grenda haisumbuki."

Nikainama. Kando ya mshono, mikwaruzo ya msumari.
Mama aliutumia mshono kama rula,
kila Idi anatusimamisha, visigino ukutani mwa pipa.
Wangu. Wa Nasoro, umenipita kwa kidole.
Wa Kombo uko chini ya pete ya pili.
Haukupanda.

"Kata huku," nikamwambia, "upande usio na watu."
Akanitazama. Hakuuliza.
Akafuta chaki kwa kiwiko, akachora upya.

Miguu: fremu ya baiskeli ya Nasoro, iliyokwisha meno.
Bawaba: za mlango wa choo, nitanunua nyingine.
Wavu: nondo za milimita sita, zimefungwa vizuri
isipokuwa moja, hiyo inacheza.
Bei: elfu thelathini na tano.
Tukashuka mpaka thelathini na paja la kuku,
"paja," akakazia, "si shingo."

Jumapili nikawasha vifuu,
juu yake vigogo vya mchungwa kutoka Muheza.
Mama akaja na kigoda, hakukaa.
Kabla chuma hakijapata moto
akaweka dole gumba juu ya mstari ule wa chini,
akaliacha hapo, mpaka likaanza kumuunguza.
"Huyu alikuwa anapenda ngozi," akasema,
akaenda kutafuta ndimu.

Kuku wa kwanza aliungua upande mmoja,
upande wa pili ukalia damu.
Matundu ya hewa hayatoshi, anasema Semkiwa,
mdomo umejaa paja.
Atakuja Jumamosi kuongeza mawili.
Nimemwonyesha pa kutoboa.