Dasta

Chama chetu cha wafuga njiwa, hapa Isevya,
kina chumba kimoja nyuma ya stoo ya zamani ya tumbaku,
mabenchi matatu, mzani wa kupimia mtama,
na ubao mweusi aliotuachia Mwalimu Nkwabi
shule yake ilipopata mweupe.
Kila mwanachama ana haki ya chaki.
Dasta ni moja. Nilipewa mimi.

Sikuiomba. Walisema: Kalunde ana mkono mwepesi.
Ilikuwa baada ya Mlekwa kushindwa
siku njiwa walipoachiwa Urambo warudi wenyewe,
na wa Ramla akatangulia kwa dakika tisa.
Aliandika juu ya mama yake Ramla
maneno ambayo hata hapa siyatii.
Nilifuta. Ramla alinishika mkono, hakusema kitu.

Nikafuta tangazo la dawa ya nguvu za kiume,
nikafuta deni la mtu la wanzuki,
nikafuta mchoro.
Ubao ukapumua. Watu wakarudi kuandika ya njiwa:
nani kamwona kipanga upande wa reli,
nani ana dume la rangi ya majivu,
yai la siku ya ishirini halijapasuka, nifanyeje?

Ndipo Kapela, mtu wa maneno ya kuhesabika,
akaandika kwa herufi kubwa:
GUNIA JIPYA LINA UKUNGU. TAZAMENI CHINI, SI JUU.

Gunia nililinunua mimi.

Nilisimama na dasta nikitafuta kosa,
na mtafuta kosa harudi mikono mitupu.
Herufi kubwa: huko ni kupiga kelele.
Hakulileta kikaoni: huko ni kukosa adabu.
Nikafuta. Mkono ulikuwa mwepesi
kama walivyosema.

Jumanne akaandika kwa herufi ndogo. Nikafuta.
Alhamisi akaandika pembeni kabisa, chini ya tarehe:
Naomba tulitazame gunia.
Nikafuta pamoja na tarehe.
Jumamosi hakuandika.
Alikuja na mtama wake kwenye mfuko wa rambo,
akakaa benchi la nyuma, akatazama miguu yake.
Yule wa yai naye hakuuliza tena.
Wiki ile ubao ulikuwa safi kuliko siku zote,
na mgeni wetu kutoka Sikonge akatusifu:
ninyi mnaelewana sana.

Kisha jua la saa kumi na moja
likaingia kwa dirisha la magharibi,
likaulalia ubao kwa ubavu,
na yote niliyoyafuta yakarudi:
mama yake Ramla, ukungu, dawa, tazameni chini,
yamepandana kama nyayo za njiwa kwenye vumbi,
weupe uleule, wembamba uleule.
Dasta haijui kusoma.
Mimi najua.

Nililipindua gunia. Harufu siisimulii.

Nikaandika kwa mkono wangu maneno ya Kapela,
herufi kubwa zilezile, na jina lake,
na chini yake: yalifutwa mara tatu na Kalunde.
Mlekwa alikuwa mlangoni, akacheka.
"Na yangu je? Nayo uliyafuta."
"Yako yatabaki hivyo hivyo."
"Nani kakupa mzani?"
Nilikuwa na jibu la Ramla. La mzani sikuwa nalo.
Swali lilikuwa zuri, hata kwa kutoka kinywa kile,
nikalala nalo, nikaamka nalo.

Sasa dasta inaning'inia kwa kamba kwenye msumari,
na kando yake daftari la kurasa tisini na sita:
afutaye aandike alichofuta, kisa chake, na jina.
Mstari wa kwanza ni wangu.
Mlekwa anausoma kwa sauti kila akija.

Kapela aliusoma kimya, mara moja.
Hakunisamehe, wala hakunilaumu.
Aliuliza tu kama chaki ya bluu imebaki.