Mlango wa Ghala

Siku kumi na tisa mashine ilimpumulia dada yangu Ercira
pale Coyhaique, mapafu yamejaa maji,
nasi nje ya kioo tukigawana mkate na kimya.
Panya ndiye aliyempeleka huko,
panya wa mkia mrefu, mwili hauzidi kidole gumba.

Alirudi mwepesi kama gunia tupu.
Juma la tatu akauza ng'ombe wawili,
akachukua pikipiki kwa mkopo.
Yeye, aliyekuwa akihesabu mayai mara mbili!
Kwenye truco anaweka dau la kondoo mzima
na karata mbovu mkononi, tena anacheka.
Mto Mañihuales ukifurika, anavuka na farasi.
Nikimfokea, hunijibu:
"Norberto, mimi nimekwisha lipa."

Amemlipa nani? Mauti hayatoi risiti.

Lakini ghala la kuni, jamani.
Husukuma mlango kwa ncha ya fimbo,
hurudi nyuma hatua ishirini,
hungoja upepo uingie, utoke, uingie.
Nusu saa, theluji ikimchoma masikio.
Kisha barakoa. Kisha klorini, glavu.
Kijiti kikidondoka, anaruka.

Jana nikamuuliza: mto haukutishi, kuni ndizo?
Akafuta pua kwa kiganja.
"Mto hunguruma kwanza.
Vumbi lile lilinikuta nafagia,
naimba."

Akachukua ufunguo wa pikipiki.
Barabara ilikuwa imeganda, inang'aa kama sahani.
Nikapanda nyuma yake,
sijui kwa nini.