Vipimo vya Joho

Mwaka wa kwanza: shingo inchi kumi na tano,
kifua arobaini, mikono miwili.
Niliandika kwa penseli katika daftari la mistari,
kibandani kwangu Gerezani, mlango wa nne kutoka kwa wauza misumari.
Pazi Mwinyimvua alisimama wima kama mtoto wa madrasa,
akacheka futi ilipomtekenya kwapani.
Alilipa taslimu. Akauliza mguu wa mke wangu unaendeleaje.
Msimbazi ulipofurika masika yale
aliingia majini hadi kiunoni,
akatoka Jangwani na kitoto mgongoni
na godoro la mama yake kichwani.
Hayo niliyaona. Nayasema
msije mkadhani alizaliwa vile.

Kisha mpiga mbiu wa Ilala akakosea jina lake.
Alisema Mwinyivua. Herufi moja tu, imeliwa na upepo.
Ulimi ukapelekwa ngomeni Kurasini juu ya kisahani cha chai,
na wiki hiyohiyo nikaitwa kupanua kola.
Inchi kumi na saba.
"Mapishi ya ngomeni, Bwana," nikasema, "yanajenga mwili."
Akacheka. Nami nikacheka.
Kicheko changu nacho nimekiandika, pembezoni, kwa herufi ndogo.

Tangu hapo sikungoja mbiu; futi ilinipa habari.
Bega likipanda, kuna nyumba imepigwa misumari Buguruni.
Usiku wa wachuuzi wa chumvi,
walioomba ushuru upunguzwe japo senti
wakaingizwa katika tanuri za chokaa Kunduchi
huku wakihesabiana majina gizani,
mgongo wake ulitoa nundu tatu,
zina moto kama pasi ya mkaa.
Nikazificha kwa marinda.
Mimi ni fundi. Marinda yangu hayana mfano mjini.

Husema siku za mwizi arobaini.
Nimeshona kola arobaini na mbili.

Mwaka wa saba akasema vivuli vinamfuata.
Kila kivuli ni mali ya ngome, ikaamriwa,
na foleni ikaanza Mnazi Mmoja, mtaa kwa mtaa.
Walikatwa saa kumi na moja jioni,
vivuli vikiwa virefu, ili kitambaa kisipunguke.
Hakuna aliyetoka damu.
Watoto walilia tu, wakishikashika nyayo,
wasijue kinachouma kiko wapi.

Majora yakaletwa kwangu kwa mkokoteni,
mepesi, ya baridi, kama tumbo la mtungi.
"Nishonee joho," akasema, kwa midomo yote miwili.
Ule wa pili ulikuwa umefunguka kwapani,
palepale alipokuwa akitekenyeka.

Nilishona siku tisa. Sindano haikutoa sauti.
Katika jora la tatu, nikiwa nimeinamia chaki,
nikakuta kivuli kinachochechemea.

Niliujua mguu ule. Nimeutembeza hospitalini miaka kumi na moja.
Niseme nini? Mkasi ulikuwa umenolewa,
askari amekaa kwenye kiti changu cha wateja, anakula karanga.
Nikakikata kikawa mfuko wa ndani, upande wa kushoto,
nikajiambia: huko ni karibu na moyo, hakutakuwa na baridi.
Kama moyo bado upo. Hiyo sikuipima.

Nyumbani Mwantumu alinipakulia kunde.
Taa ilikuwa nyuma yake
na ukuta mbele yake ulikuwa mweupe, mtupu.
Hakuniuliza kitu. Aliniongezea chumvi.

Jana usiku, baada ya yeye kulala,
nilijipima kwa mara ya kwanza tangu kanzu ya harusi.
Shingo: inchi kumi na saba.
Nikasogeza taa, nikapima tena.

Asubuhi hii Chaurembo, mwanagenzi wangu,
anauliza kitambaa hiki cha kola ni cha mteja gani,
maana hakuna jina kwenye daftari.