Hasi Arobaini

Saa saba mchana, Barani, Malindi,
bati la gereji linaalika kwa jua,
na pikapu ya Shekue yaniapia
kwamba dizeli ndani ya tangi ina baridi
ya nyuzi hasi arobaini.

Jasho limenifika kwenye soksi.

"Ni sensa," asema. "Nimebadili mbili,
hii ya tatu. Hii nimeagiza Mombasa."
Na zile mbili anazo, ndani ya mkebe wa majani ya chai,
anazitikisa kama njugu.

Namwita Nyevu. Kikombe kimoja, cha moto, cha rangi.
Nyevu anajua sinywi saa hii.
Nazichovya moja moja, mita mkononi:
omu zashuka, zashuka kwa adabu,
kama inavyopasa joto likipanda.
Nzima. Na ya pili nzima.
Shekue anatazama ukutani.

Basi nyaya. Ziko mbili tu.
Nafungua swichi: wa kwanza una volti tano,
umeripoti kazini, sina neno nao.
Naugusisha kwenye bodi
na kompyuta yaruka hadi mia na hamsini,
toka barafuni hadi jehanamu kwa pumzi moja.
Kumbe macho inayo.

Wa pili, wa kurudi ardhini,
kimya.

Naufuata kwa vidole, chini ya betri,
nyuma ya kibanio. Gamba jeusi, linang'aa,
halina hata mkwaruzo.
Naukunja: walegea kama tambi.
Nachana kwa wembe. Unga wa kijani wamwagika.

"Unabeba nini?"
"Chumvi. Toka Gongoni."
"Mbichi?"
Hajibu.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema,
lakini hawakusema
nguo yenyewe hubaki mpya.

Nimekata shibiri nzima, nimeunga,
nimetia lehemu, nimevika mpira.
Swichi.
Thelathini na tisa, yasema kompyuta,
homa ya kawaida ya mwezi wa pili.

Mia nane ya kazi, hamsini ya waya,
na kikombe. Nyevu hakitaki tena,
kinanuka dizeli.
Shekue kazitia humo sensa zake mbili
na kwenda nacho garini,
amekishika kwa mikono yote miwili
kana kwamba bado kina chai.