Hadi

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja,
tukishaanua mashuka ya mwisho,
Mwalimu Tsofwa hutufundisha Kiingereza
katika chumba cha pasi, nyuma ya nyumba ya wageni,
hapa Malindi, upande wa Maweni.
Ubao ni mlango wa friji bovu. Chaki inateleza.

Kitaliano nilikiokota mwenyewe mchangani
nikiuza vikoi. Bei, jua, kesho, karibu tena.
Hakuna aliyenisahihisha, mradi alilipa.
Kiingereza kimekuja na daftari
na kalamu nyekundu.

Vitenzi vyao vina visa.
Chetu hata ukivishe makoti mangapi,
nilikwenda, hatukwenda, wangalikwenda,
kwenda yumo ndani, unamwona.
Chao kikifika jana kinabadili uso:
usiku kalala gou, asubuhi kaamka wenti,
hawafanani hata kidevu.
Kula ya jana ni eiti, kama namba nane.
Umekula? Nane.
Dama alicheka hadi pasi ikaunguza foronya.
Nami nikitaka kusema naona, kinanitoka si,
na tangu utotoni si yangu ni ya kukataa.
Halafu ile s ya mtu wa tatu, mkia wa mjusi:
nikipepesa jicho, imeshakatika.
“Gouz, Mbodze. Gou-zzz.”
Kama nyuki.

Lakini kilichonikalisha chini ni kitenzi kifupi.
Sema una watoto wawili, akaniambia.
Nikasema kama ninavyowaza: mimi ni pamoja na watoto wawili.
Kalamu nyekundu.
“Hevu. Maana yake umeshika, ni chako.”
Kumbe wenzetu watu huwashika.
Sisi tuko nao tu.
Nina njaa, nina mume, nina shilingi ishirini,
tumeketi benchi moja sote,
hakuna aliyemfunga mwenzake kamba.

Alhamisi tukaingia wakati uliopita.
Hevu ikivuka jana, kwa sikio langu, inakuwa hadi.
Kila mtu atoe sentensi.
Dama alikuwa na baiskeli.
Kahindi wa getini alikuwa na meno, akatuonyesha mahali.
Zamu yangu.

Ai hadi e hazbandi.

Mwalimu akapiga vema kubwa, ikatoka nje ya mstari.
“Safi, Mbodze. Hakuna kosa hata moja.”

Mwaka wa tatu huu.
Fomu ya shule, ya chama, ya zahanati,
zote nimejaza Karisa yupo,
na makarani hawakuuliza.
Leo nimemzika kwa sarufi sahihi.

Nikainua mkono. Nikauliza kama ipo njia
ya kusema nilikuwa naye na ningali naye,
kwa pumzi moja, bila kuvunja kanuni.
Akafikiri, akifuta chaki kwa kiwiko.
“Ipo. Unaweka hevu, halafu had, zinafuatana.
Ila hiyo ni sura ya kumi na moja.
Hatujafika.”

Nikaikunja ile foronya iliyoungua,
doa ndani,
nikaiweka chini kabisa ya rundo.