Kizibo cha Mkarafuu

Sili ya nyuma tumeibadilisha mara tatu.
Mara tatu Kombo kalala chali chini ya gari,
mara tatu kainuka shingo imetota oili,
na asubuhi, kwenye sakafu ya gereji yetu ya Limbani,
doa lile lile, jeusi, limekaa kama mgeni asiyeaga.

Ni gari la viti viwili, la kijani, la marehemu Khelef.
Lilishushwa Mkoani kabla sijazaliwa.
Halina paa, na mvua za Pemba hazina huruma.
Bintiye, Bi Raya, hataki kuliuza.
"Litengenezeni tu," asema, "lisinidondokee barazani."

Tukabana. Fundi akiona kunavuja, hubana.
Gasketi mpya, gundi nyekundu, nati zikalia.
Tulipoziba mbele likatema nyuma,
tulipoziba nyuma, kijiti cha kupimia oili
kikaruka chenyewe, kikapiga boneti kwa ndani, tak!
kama mtu aliyekatizwa neno mara nyingi.

Hapo ndipo nilipozima redio, nikalisikiliza.

Pistoni inaposhuka, moto wake hauishii juu.
Ringi zikichakaa, moshi hupenya kidogo kidogo,
hushukia chumba cha chini, kwenye krenki na oili,
na kule hauna kazi wala pa kutokea.
Waliounda injini hii walilijua hilo:
wakaiwekea pua, bomba jembamba ubavuni,
liupeleke moshi kwenye kabureta ukaungue tena,
usigombane na kuta.

Nikalivua bomba lile. Nikapuliza.
Pumzi yangu ikanirudia usoni.

Nikatia waya, nikavuta, kikatoka:
kijiti cha mkarafuu, urefu wa kidole,
kimechongwa kwa kisu, mviringo, kwa adabu,
kimeviringishwa kipande cha kanga kisichomoke.
Nikautambua mchongo. Ncha imekatwa mshazari
kama vigingi vya mbuzi wetu, kama vya pazia,
kama kila kijiti cha nyumba niliyokulia.
Baba.

Lazima lilikuwa likifuka siku ile ya arusi,
bwana arusi kavaa joho, watu wanakohoa,
na baba, ambaye aibu ilimuuma kuliko jino,
akachonga, akaziba, moshi ukakoma, akapewa mkono.
Miaka thelathini gari limeubana moshi wa siku moja.
Naye ndivyo alivyokuwa akikohoa, mlango kaufunga,
nasi tukisema mzima, mpaka wiki ile ya vuli.

"Nani kafanya upumbavu huu?" Kombo auliza, anacheka.
"Sijui," nikamwambia.

Tukawasha. Likavuta pumzi moja ndefu,
kijiti cha oili kikatulia shimoni mwake,
na asubuhi sakafu ilikuwa kavu.
Bi Raya katuletea kashata, na pesa nusu.
Kizibo kimo mfukoni mwangu, sijakitupa.
Kinanuka oili,
na chini yake, bado, karafuu.