Yake

Mwalimu Wabwile aliandika Kiingereza ubaoni,
akiazima majina ya dawati la mbele:
Nangila kamwambia Khakasa mama yake anaumwa.
"Mama yake nani?"
Tukaigeuza Kiswahili, labda itanyooka.
Wapi! Yake ni yake,
imejikunja kama jongoo.

Tulikuwa tungali tunacheka
karani alipochungulia, simu mkononi,
mvua ya Webuye ikitwanga mabati, ikimmeza maneno:
"... Nangila ... Khakasa ... mama yake ... hospitali ..."

Wasichana wawili wakasimama kwa pamoja.
Mwalimu alishika kifutio. Hakufuta.

Nami, nyuma yao,
nikatazama mgongo mmoja, kisha wa pili,
nikaomba, Mungu nisamehe,
awe wa yule.